Tairi la Misimu Yote kwa Barabara za Mwanza: Mwongozo Kamili wa Kulichagua

Tairi la misimu yote liliundwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Dereva wa huko anataka tairi moja litakalomtosha wakati wa joto na kumvusha kwenye baridi, bila kufungua magurudumu mara mbili kwa mwaka. Mwanza theluji haipo. Tulichonacho ni kiangazi cha Juni hadi Agosti chenye vumbi na changarawe kavu, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika ya Machi hadi Mei, wakati radi za ziwani zinaanza alfajiri na muda si mrefu maji yanateremka milimani yakibeba mchanga hadi katikati ya lami. Kwa hiyo tairi la misimu yote la kwetu ni lile linalosimamisha gari kwenye lami iliyolowa, lisilochanwa na mawe, na lisiloisha haraka kwa joto la barabara. Mengine ni nyongeza.

Wengi huanza na kampuni: Bridgestone, Michelin, Yokohama, au la Kichina? Hilo liwe swali la mwisho. Tairi la kampuni kubwa lenye kipimo, aina au umri usiofaa litakuangusha, wakati tairi la bei ya kati lililochaguliwa kwa makini litakufikisha.

Anza na barabara unayopita siku nyingi

Chukua karatasi uandike njia zako za mwezi mzima, bila kujidanganya. Nyumbani Buhongwa, kazini mjini kati, Jumamosi Kirumba, mara mojamoja Magu kwa wazee. Ukimaliza utaona karibu safari zote ziko juu ya lami. Gari hilo linataka tairi la lami, hata kama kipande cha mwisho kwenda kwa wazee ni tope.

Kosa linalorudiwa sana mjini kwetu ni kuchagua tairi kwa siku mbaya kuliko zote. Mtu anakwama mara moja Desemba, anarudi na hasira, anafunga matairi ya matope yenye kashata kubwa, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara. Mwaka mzima unaobaki anavumilia mngurumo ndani ya gari, mafuta yanaenda zaidi, na mvua ikinyesha pale Mkuyuni kwenye foleni gari linachelewa kusimama. Kashata kubwa zina nafasi pana katikati yake, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache. Kwenye tope nafasi hizo zinamsaidia, lakini kwenye lami yenye maji zinamnyima breki.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ongeza mambo mawili: mlima na mzigo. Anayekaa Isamilo au Bugando, au kwenye zile barabara zilizotandikwa mawe kupanda milimani, anahitaji mpira unaoshika vizuri jiwe lililolowa wakati wa kushuka. Na anayebeba abiria saba na magunia juu ana mahitaji tofauti kabisa na anayeendesha peke yake, hata kama magari yao yanafanana.

Soma kibandiko cha mlangoni kabla ya kwenda dukani

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mwili wa gari kuna kibandiko chenye kipimo cha tairi na kiasi cha upepo. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo upepo umeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI: 220 ni kama 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Kibandiko kikiwa kimebanduka, tafuta kitabu cha gari au gari lingine la toleo hilo hilo lenye kibandiko.

Piga picha kibandiko hicho. Kitakulinda dukani ukiambiwa "hili linaingia tu", na kitakulinda kwa kijana wa upepo anayejaza 40 kwa kila gari linalosimama. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo ambacho tairi haliruhusiwi kuvuka. Gari lako linataka ile ya mlangoni.

Soma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa Toyota Noah, ambazo nyingi zinatumia 195/65R15. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 127. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zinakatiza tairi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo kuna namba na herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka, kama 91H, na hizo ndizo za kusimama uzisome.

91 ni daraja la uzito. Kila daraja lina kilo zake: 88 ni kilo 560, 91 ni 615, 95 ni 690. Tairi nne za 91 zinabeba kilo 2,460 kwa jumla, na humo hesabu gari lenyewe, mafuta, watu, ndoo za dagaa na kila kilichofungwa juu. Usishuke chini ya daraja la kibandiko hata siku moja. Ukiwa na Noah ya abiria, tafuta lenye alama ya XL, yaani lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi, na daraja la 95. Lakini XL inabeba ziada hiyo pale tu inapojazwa upepo wa kutosha. Ukiijaza upepo mdogo, ile nguvu uliyolipia huipati.

Herufi ni daraja la mwendo: Q kilomita 160 kwa saa, S 180, T 190, H 210, V 240. Hakuna anayepaswa kufika huko kwenye barabara zetu, ila herufi inaonyesha pia jinsi tairi linavyovumilia joto. Kwa gari dogo la kwenda Shinyanga na Dodoma ningechukua T au zaidi.

Sasa tafuta herufi DOT. Namba nne za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe kamili iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha upande usio na tarehe, mwambie aligeuze. Mpira unazeeka hata usipotembea. Jua na hewa vinaukausha, kisha unakuwa mgumu na kupasuka nyufa ndogondogo. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe hata kama kashata bado zipo. Mimi sinunui "jipya" lenye zaidi ya miaka mitatu, na nalikataa kabisa lililopangwa nje ya duka kando ya barabara, jua la mchana likilipiga kila siku. Omba la ndani.

Matairi mengi yana pia maneno matatu yaliyowekwa kwa kanuni za Marekani. TREADWEAR ni uimara wa kuisha: la 400 lilidumu mara nne ya tairi la kipimo cha 100 kwenye majaribio. Namba hiyo inatolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inafaa kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. TRACTION ni breki za mstari mnyoofu kwenye maji, kuanzia AA, A, B hadi C. TEMPERATURE ni kuvumilia joto, A hadi C. Kwa Mwanza, TRACTION isiwe chini ya A, na TEMPERATURE iwe A, au B kwa wa mjini tu. Tairi lenye TREADWEAR kubwa sana na TRACTION ya B linavutia mfukoni kwa sababu litadumu, ila mpira wake mgumu utakutelezesha mteremko wa Bugando ukilowa. Ukilazimika kuchagua kati ya kudumu na kusimama, chagua kusimama.

Yale yanayokuja na kibandiko cha Ulaya yana daraja la kushika lami yenye maji, A hadi E. Hapo chukua A, B au C.

Matairi ya theluji yaliyokuja na gari

Jambo hili linahatarisha watu wengi kimyakimya. Gari linatoka Japani likiwa na matairi yanayoonekana mapya, kashata nene, na mnunuzi anafurahi kwamba ameokoa pesa. Angalia ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD, hayo ni matairi ya barafu. Utayajua pia kwa mikato myembamba mingi ya kupindapinda juu ya kila kashata, na kwa ulaini wake: ukibonyeza kwa ukucha, mpira unabonyea.

Mpira huo umechanganywa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 7. Hapa hata usiku wa Julai haukaribii huko, na lami ya mchana ina joto kuliko hewa yenyewe. Matokeo yake kashata zinayumba, zinaisha haraka, breki zinakuwa ndefu, na kwenye mvua, pale unapotegemea ulaini huo ukusaidie, tairi linateleza kuliko la kawaida. Ukinunua gari lenye matairi hayo, weka bei ya matairi manne mapya kwenye hesabu ya gari tangu siku ya kwanza. Na wakati unaendelea kujipanga, endesha taratibu na uache nafasi kubwa mbele.

Usichanganye hayo na alama ya M+S. Hiyo inaeleza tu umbo la kashata, na matairi mengi ya kawaida ya magari ya juu yanayo. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake inamaanisha tairi lilipimwa kwenye theluji. Huku kwetu hakuna sababu ya kuilipia.

Linganisha kwa mahitaji yako

Gari dogo la mjini, lami kwa sehemu kubwa. Chukua tairi la kawaida la barabara lenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima. Mifereji hiyo ndiyo inayotoa maji chini ya mpira. Ikizidiwa, gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Epuka yenye mshale wa mwelekeo mmoja, kwa sababu tairi la akiba la aina hiyo linafaa upande mmoja tu. Epuka pia ubavu mfupi. Gari lililokuja na rimu kubwa za inchi 17 na ubavu wa 45 linapendeza, lakini shimo moja lililofunikwa na maji linakata ubavu na kupinda rimu kwa pamoja. Kama toleo lako liliuzwa pia na rimu ndogo yenye ubavu mrefu, rudi huko.

Kuna wanaoongeza kipimo ili gari liinuke. Hesabu inasema hivi: 195/65R15 ina kipenyo cha karibu milimita 634, na 205/65R15 ina 647. Gari linainuka nusu ya tofauti, yaani milimita 6 na nusu, upana wa kidole kidogo haufiki. Spidi inasoma pungufu kwa asilimia 2, na Noah ikijaa watu tairi linaweza kusugua bodi. Haifai.

Hiace na gari lolote la abiria au mizigo. Hapa sina mjadala: tairi liwe na herufi C au LT, ambazo ni alama za matairi ya magari ya biashara na mizigo, kwa mfano 195R15C lenye 106/104. 106 ni kilo 950 kwa tairi moja upande, 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili pamoja. Tairi la gari dogo la rimu hiyo hiyo linaingia, nati zinakaza, na linabeba mamia ya kilo pungufu. Likiwa na upepo mdogo, mzigo mkubwa na mwendo mrefu, ubavu unakunjika na kukunjuka maelfu ya mara, joto linapanda, na linapasuka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haina tena kusubiri kivuko. Ni maendeleo makubwa kwa Kanda ya Ziwa. Lakini kule kusubiri kulikuwa kunayapa matairi nafasi ya kupoa, na sasa yanakimbia moja kwa moja, kwa hiyo dereva wa njia hiyo apime upepo asubuhi kabla ya kutoka.

Pikapu na magari ya juu yanayokwenda vijijini. Hapa utakutana na herufi H/T, A/T na M/T. H/T ni la lami linalovumilia vumbi kidogo. A/T ni la kati: kashata nene, ubavu mzito kiasi, na bado linasimama vizuri kwenye lami. M/T ni la matope. Kwa mtu anayetoka Mwanza kwenda Misungwi, Kwimba au ndani ya Magu kila wiki, au anayefuata dagaa na sangara kwenye mialo yenye mchanga kama Kayenze, A/T ndilo jibu, na kama bajeti inaruhusu liwe LT, kwa sababu mawe yetu hukata ubavuni. Ubavu uliokatika hauzibiki. Prado nyingi za 265/65R17 zinazoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka zinatosheka kabisa na A/T.

Ukikuta mchanga mzito mwaloni, gari la juu lenye ubavu mrefu linaweza kushushwa upepo hadi kama PSI 20 ili tairi litanuke, kisha lirudishiwe upepo wake kabla ya lami. Beba pampu ya kuchomeka kwenye gari. Bila pampu usishushe.

Na ile mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi? Ikilowa inajaza kashata zote na tairi linakuwa duara laini la tope. A/T linashindwa, M/T linajitahidi kisha nalo linashindwa. Wenyeji wanasubiri jua, wana haki, na usinunue tairi kwa ajili ya kubishana nao.

Mtumba: fanya hesabu kabla ya huruma ya mfuko

Tairi jipya la gari dogo lina kina cha kashata kama milimita 8. Vile visiki vidogo ndani ya mifereji, vyenye alama ya TWI ubavuni, vinaonyesha milimita 1.6, ambapo tairi limekwisha. Lakini breki za kwenye maji zinaanza kudhoofika waziwazi chini ya milimita 3. Kwa hiyo jipya linakupa milimita 5 za usalama. La mtumba lenye milimita 4 linakupa 1. Ukiuziwa kwa nusu ya bei ya jipya, umelipa nusu ukapata moja ya tano.

Huna kipimo? Zamisha njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, pima kwa rula. Pima ndani, katikati na nje. Kisha angalia upande wa ndani wa tairi kama kuna kiraka karibu na ubavu, pitisha mkono kutafuta uvimbe, na soma tarehe. Tairi lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto usiliguse kwa bei yoyote. Mpira uliobaki juu ya waya unakuwa mwembamba, na waya ikipata maji inaoza.

Kufunga

Ukiwa na pesa ya mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi watakataa, watasema gari linavutwa na mbele na usukani uko mbele. Sikiliza sababu: matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari linakwenda mbele moja kwa moja, unalihisi, unapunguza mwendo na linarudi. Ya nyuma yakiteleza kwenye kona, mkia unazunguka na madereva wengi hawawezi kuurudisha. Mawili ya ekseli moja yafanane kampuni, aina na kina. Gari linalovuta kwa magurudumu yote, kama RAV4 nyingi, linataka manne yanayokaribiana kina, kwa sababu tofauti ya mzunguko inachosha difu na viungo vyake.

Dai valvu mpya kwa kila tairi lisilo na tyubu, dai balansi, na fanya alaimenti ikiwa matairi ya zamani yameliwa upande mmoja. Usipofanya, mapya yataliwa vilevile. Pancha ya katikati ya kashata izibwe kwa kiraka cha ndani. Ile ya kuchomeka utepe kutoka nje ichukulie kama ya kukufikisha nyumbani.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi, mara moja kwa wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu. Baada ya kukimbia utasoma PSI kadhaa zaidi. Usipunguze, ni joto tu. Tairi la akiba nalo lina tarehe ya DOT na linahitaji upepo, kwa hiyo liangalie siku hiyo hiyo.

Nati zikazwe kwa kuvukana, siyo kwa kuzunguka, na fundi amalizie kwa spana ya mkono baada ya mashine. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nguvu ya kukazia ya kama Nm 103. Kisha zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukiwa umetoka Mwanza kuelekea Musoma, simama Magu, zima gari, toa spana ya tairi na uzikaze tena zote.